Fizi na viungo: shajara ya mradi wa kadi moja, Tabora

4 Machi

Leo tumeanza rasmi. Kazi tuliyojipa ni hii: mtu akija na vidole vilivyovimba, aangaliwe na kinywa pia, akija na fizi zinazotoka damu au meno yanayocheza, aulizwe habari za viungo vyake. Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya pembezoni mwa mji wa Tabora, mwenzangu ni wa fiziotherapia, na vyumba vyetu vinatazamana. Watu walewale huingia kwake mwezi huu na kwangu mwezi ujao, wakiwa na faili lilelile, na hakuna anayewaunganishia mambo hayo mawili. Tutatengeneza kadi ndogo ya maswali itakayokaa katika vyumba vyote viwili, pamoja na kipeperushi cha kukunja ambacho mgonjwa ataondoka nacho.

Ugonjwa wa viungo ninaouandika humu, baridi yabisi, si kila goti linalouma uzeeni. Ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia utando wa ndani ya viungo na kuushambulia, mara nyingi kuanzia vifundo vya vidole na vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mtu anakaa saa nzima au zaidi kabla vidole havijakubali kukunjika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi nao, kama asilimia 70 wakiwa wanawake. Upande wa kinywa, shirika hilohilo linakadiria kuwa wenye ugonjwa mkali wa fizi ni zaidi ya bilioni 1. Nimeziweka hesabu hizi jirani makusudi. Ugonjwa wa fizi ungekuwa unatosha peke yake kuleta baridi yabisi, foleni ya chumba cha mwenzangu ingefika barabarani. Hautoshi. Lakini kutotosha si kutohusika, na kazi ya wiki hizi za kwanza ni kujua unahusika vipi, tusije tukaandika kwenye kipeperushi maneno yanayouzidi ushahidi.

11 Machi

Mwalimu wa biolojia wa sekondari ya jirani amekubali kutuchorea picha. Yeye hachori asichokielewa, kwa hiyo wiki yote imekuwa ya darasa. Naandika tulichokipitia kwa sababu ndicho kiini cha mradi wenyewe.

Protini za mwili zimeungwa kwa asidi amino, na mojawapo ni arginini, yenye chaji chanya. Tuna vimeng'enya vyetu wenyewe, vinaitwa PAD, ambavyo huigeuza arginini iliyo ndani ya protini ikawa sitrulini. Chaji ile inaondoka na protini inajikunja kwa namna nyingine. Hili hutokea kila siku, kwenye ngozi kwa mfano, na kwa watu wengi halina neno. Tatizo linaanza pale kinga ya mwili inapoziona protini zenye sitrulini kuwa adui na kuzitengenezea kingamwili, yaani silaha za kuzishambulia. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa kingamwili zinazoutambulisha ugonjwa wa baridi yabisi zinailenga hasa hiyo sitrulini, na kutokana na ugunduzi huo kikapatikana kipimo cha damu cha anti-CCP kinachotumika leo.

Kinachonigusa mimi zaidi ni muda. Damu iliyokuwa imehifadhiwa ya watu waliokuja kuugua baadaye, huko Sweden na Uholanzi, ilipopimwa ilionyesha kuwa kingamwili hizo zilikuwemo miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Kwa wengine karibu miaka kumi. Yaani ugonjwa huanza viungo vikiwa bado vizima. Huanzia mahali pengine, na wanaotafuta mahali hapo wamekuwa wakitazama sehemu ambazo utando wa mwili unakutana na bakteria au moshi: mapafu, utumbo, na fizi.

Sasa fizi. Mwaka 1999 kilielezwa kimeng'enya cha aina hiyohiyo ndani ya bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, mkazi wa mifuko iliyo kati ya meno na fizi zilizougua, na kwa miaka mingi ndiye bakteria pekee aliyejulikana kuwa nacho. Anavyofanya kazi inashangaza. Ana vimeng'enya vingine, gingipaini, vinavyokata protini palepale penye arginini, hivyo arginini inabaki nje, mwishoni mwa kipande. Halafu kile kimeng'enya cha kwanza kinaikuta hapo na kuigeuza. Vya kwetu vinahitaji kalsiamu ya kutosha ili vifanye kazi. Cha kwake hakihitaji. Mwaka 2010 ilionyeshwa maabara kuwa bakteria huyu anaweza kuzigeuza hata protini za binadamu, fibrinojeni na enolasi, na hizo ni miongoni mwa protini ambazo kingamwili za baridi yabisi huzishambulia.

Mwenzangu akauliza haya yote tutamwelezaje mtu aliyekuja kutafuta dawa ya vidole. Mwalimu ndiye aliyetoa mfano tutakaoutumia. Mbwa wa nyumbani hambweki mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba akirudi usiku amevaa koti geni lenye harufu ya watu wengine, mbwa atamrukia. Bakteria wa fizi wanazivalisha protini zetu koti geni. Tumeujaribu mfano huu kwa wahudumu wa afya ya jamii na wakaanza wenyewe kuuliza maswali mazuri, likiwemo hili: mbona mbwa wengine hawaruki? Jibu lake lipo kwenye jeni. Watu wenye aina fulani za jeni ya HLA-DRB1 kinga yao huzishika protini zenye sitrulini kwa urahisi zaidi na kuzionyesha kwa seli zinazoanzisha mashambulizi. Ndiyo maana kadi yetu itauliza kuhusu ndugu wa damu.

18 Machi

Bakteria wa pili: Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Huyu hana kimeng'enya cha kugeuza arginini, lakini ana sumu inayotoboa seli nyeupe aina ya nyutrofili, zile zinazokimbilia kwenye fizi zenye maambukizi. Seli ikitobolewa, kalsiamu inamiminika ndani, na vimeng'enya vyetu wenyewe vinaanza kugeuza arginini bila kipimo. Utafiti uliotoka mwaka 2016, ukiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ulikuta dalili za kinga dhidi ya sumu hiyo kwenye damu ya karibu nusu ya wagonjwa wa baridi yabisi, wakati kwa watu wenye afya waliolinganishwa nao ilikuwa takriban mmoja kati ya kumi.

Kwa hiyo njia ni zaidi ya moja. Mwalimu atachora moja tu, ya yule wa kwanza, maana ya pili ina mishale mingi na karatasi ni ndogo.

2 Aprili

Rasimu ya kwanza ya kipeperushi imetoka kwa mchapaji, na jambo nililolipenda kuliko yote ni mraba uliopo ukurasa wa mbele.

Watu huniambia, "Ni fizi tu, daktari." Fizi haziumi sana, na jino likilegea wanasema ni umri. Lakini ndani ya ule mfuko kati ya jino na ufizi kuna kidonda, na mifuko ikizunguka mdomo mzima, kidonda hicho kikikunjuliwa kina ukubwa. Makadirio yanayokubalika kwa mwenye ugonjwa wa fizi ni sentimita za mraba 8 hadi 20. Kwa hiyo tumechora mraba wa sentimita 4 kwa 4, ambao ni 16, tukaupaka rangi nyekundu, na chini yake tumeandika: "Kidonda cha ukubwa huu kingekuwa mguuni, ungekiacha?"

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mwanawe ang'olewe jino aliuweka ule mraba juu ya ugoko wake, akautazama, akaniuliza kama na yeye anaweza kuangaliwa kabla hajaondoka. Aliangaliwa.

15 Aprili

Mabani ya kukaushia tumbaku yanafuka moshi, na wanaokuja kliniki ni wachache kwa sababu kila mkono uko kwenye majani. Tumeamua kuwafuata. Tulikaa na wanawake wanaopanga majani kwa madaraja kabla ya kuyafunga marobota, kazi ya vidole tangu asubuhi, tukawasomea kadi.

Swali la kwanza kwenye rasimu ya kadi lilikuwa kama fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Mzee mmoja mkulima, mvutaji wa siku nyingi, baada ya kuitikiana "mwangaluka" alinijibu kwa uhakika, "Mwanangu, fizi zangu hazijawahi kutoa hata tone." Na alisema kweli. Nikamwomba afungue kinywa. Kipimio ninachotumia kupimia mfuko wa ufizi kina kitufe cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 na kuishia 5.5. Kwenye ufizi mzima kitufe kinagota mapema na mkanda unabaki nje wote. Kwa mzee huyu fizi zilikuwa za rangi ya kupauka, ngumu, hazina uvimbe wa kuonekana, lakini nyuma ya magego mkanda ulizama wote usionekane. Damu haikutoka hata baada ya kupima.

Hivyo ndivyo moshi wa sigara unavyofanya: fizi za mvutaji hutoka damu kidogo kuliko hali yake halisi, ugonjwa unaendelea chini, na dalili ambayo kila mtu anaijua haijitokezi. Katika mkoa unaolima tumbaku, kadi inayoanza na damu ingewaruka walewale tunaowatafuta. Sasa swali la kwanza ni meno: yanacheza, yameachana, au yameonekana kurefuka? Swali la pili: unavuta, au uliwahi kuvuta?

Swali hilo la pili linabeba zaidi ya fizi. Moshi huamsha kugeuzwa kwa arginini ndani ya mapafu pia. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2006 ulikuta kuwa mvutaji aliyerithi jeni zile za hatari kutoka kwa wazazi wote wawili ana uwezekano mara 21 wa kupata baridi yabisi yenye kingamwili za sitrulini, akilinganishwa na asiyevuta wala kuwa na jeni hizo. Mara 21! Nimeisoma tena na tena. Hakuna kitu kingine kwenye kipeperushi chetu ambacho mtu anaweza kukiacha kwa uamuzi wake na kikapunguza hatari ya magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Wale wanawake waliuliza swali la haki kabisa: je, kuyashika majani kunatosha kuwaumiza viungo? Jani bichi la tumbaku, hasa lenye umande, hupitisha nikotini kwenye ngozi na linaweza kumtapisha na kumpa kizunguzungu mvunaji, hilo linajulikana. Lakini kwa baridi yabisi, lawama iko kwenye moshi unaoingia kifuani. Watafiti wa Sweden walipowaangalia watumiaji wa tumbaku yao ya kuweka mdomoni, hawakuona ongezeko la baridi yabisi. Nimewaambia hivyo, na nikaongeza kuwa tumbaku ya kuweka mdomoni au kutafuna bado inaumiza ufizi pale inapokaa na ina hatari ya saratani ya kinywa, wasije wakaondoka wakidhani nimewahalalishia.

29 Aprili

Leo nimekataa kung'oa meno. Baba mmoja aliyesikia habari za mradi alikuja kutoka upande wa Sikonge akiomba nimtoe meno yote yaliyobaki ili ugonjwa wa viungo wa mke wake, aliyekaa kwenye benchi nyuma yake, usije ukampata na yeye. Meno yake mengi yalikuwa yanaweza kutibiwa. Tulizungumza kwa muda mrefu, na nimeona ni lazima kipeperushi kiwe na aya ya jambo hili, kwa herufi nene.

Wazo la kung'oa meno ili kuponya viungo ni la zamani sana. Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia miaka ya mwisho ya 1700 na mwanzo wa 1800, alisimulia mgonjwa aliyepona maumivu ya nyonga baada ya kung'olewa jino bovu. Mwaka 1900 daktari William Hunter wa London aliandika kuwa uchafu wa kinywa ni chanzo cha magonjwa mengi ya mwili, na kwa miongo iliyofuata huko Uingereza na Marekani watu wasiohesabika waling'olewa meno, hata mazima, kwa matumaini ya kupona baridi yabisi. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi na kuonyesha kuwa kuondoa meno na tonsili hakukuwasaidia kama ilivyodaiwa. Cecil mwenyewe alikuwa ameliunga mkono wazo hilo hapo awali, na namheshimu kwa kuandika alichokiona.

Baada ya hapo dunia ya tiba ililiacha jambo zima, pamoja na sehemu yake iliyokuwa na ukweli, mpaka kimeng'enya cha 1999 kilipolirudisha kwa sura nyingine. Nadhani hasara ilikuwa mara mbili: watu walipoteza meno bure, kisha kinywa kikasahaulika kwenye kliniki za viungo kwa miaka mingi. Yule baba ameondoka na miadi ya kukwanguliwa ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno. Mke wake ameingia chumba cha pili.

13 Mei

Fupi leo. Mwalimu amemaliza mchoro wa mfupa. Inafaa watu waone kuwa magonjwa haya hufanana hata kwenye uharibifu wake: jino hulegea kwa sababu mfupa unaolishika unaliwa, na kifundo hupinda kwa sababu mfupa wa kiungo unaliwa, na seli zinazokula ni zilezile, osteoklasti, zikiamshwa na ishara ileile iitwayo RANKL. Protini zinazochochea uvimbe, TNF na IL-6, zimo kwenye ufizi na zimo kwenye kiungo. Dawa kadhaa za kisasa za baridi yabisi hulenga hizo mbili.

27 Mei

Ushahidi wa karibuni, na mipaka yake. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliowafuatilia wagonjwa wachache wa baridi yabisi kwa kupima damu yao mara kwa mara kwa muda mrefu. Wale wenye ugonjwa wa fizi walikutwa na bakteria wa kinywani ndani ya damu, si mara moja bali kwa kurudia, na kuingia huko kuliendana na aina za seli nyeupe zinazoonekana viungo vinapowaka. Bakteria wenyewe walikuwa wamebeba sitrulini, na kingamwili za wagonjwa ziliwatambua. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaoziba pengo kubwa zaidi, maana sasa njia kutoka mfuko wa ufizi hadi damuni imeonekana kwa watu wanaoumwa, haikubaki kuwa ya maabara tu.

Lakini mwenzangu, ambaye ni mgumu kuridhika na namshukuru kwa hilo, aliweka mezani upande wa pili. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofuatilia zaidi ya wauguzi wanawake 80,000 wa Marekani, na waliokuwa na historia ya ugonjwa wa fizi hawakuonekana kupata baridi yabisi kwa wingi zaidi. Majaribio ya kuwasafisha fizi wagonjwa wa baridi yabisi nayo yamegawanyika: mengine madogo yameonyesha viungo kutulia kiasi, mengine hayakuona tofauti.

Tumebishana mpaka jioni kuhusu sentensi itakayobeba haya. Iliyopita ni hii: "Kutibu fizi ni sehemu ya kujilinda na ni haki ya mdomo wako. Hakuchukui nafasi ya dawa za viungo, na usiziache." Nilitaka sentensi yenye nguvu zaidi, inayomsukuma mtu aje. Mwenzangu alisema mtu akija kwa ahadi tusiyoweza kuitimiza, hatarudi wala kwa fizi wala kwa viungo. Nimekubali.

10 Juni

Soko la tumbaku limefunguliwa na watu wamerudi kliniki. Wiki hii tumeshughulika na njia ya kurudi, yaani viungo vinavyoumiza fizi, na nimeiona kwa macho kuliko ile nyingine yote.

Bibi mmoja wa Uyui ana baridi yabisi ya miaka mingi. Vidole vimeelekea upande wa kidole cha mwisho na ngumi haifungi. Nilimwomba anionyeshe anavyopiga mswaki. Mpini mwembamba wa plastiki uliteleza kati ya kidole gumba na kiganja, akaukamata kwa mikono miwili, akafikia meno ya mbele, na ya nyuma hayakuguswa kabisa. "Mjukuu wangu, huku nyuma nilishapaachia," aliniambia. Hakuna somo la usafi wa kinywa linalosaidia hapo. Fundi baiskeli aliye nje ya geti letu alitupa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Tulikikata utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, tukauzungushia kwenye mpini tukiuvuta kwa nguvu, safu juu ya safu, mpaka ukawa mnene kiasi cha kushikika bila kukunja vidole sana, kisha tukafunga mwisho kwa uzi. Mpira hautelezi ukilowa. Bibi aliushika kwa mkono mmoja, akafika kwenye gego la chini upande wa kushoto, akatulia hapo akisugua, kisha akahamia la pili. Nimemwambia asugue kwa mizunguko midogo pale jino linapokutana na ufizi, mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wanaotumia mswaki wa mti nao tumewachagulia vijiti vinene.

Baridi yabisi pia huweza kukausha mate, na mdomo mkavu ni rahisi kuharibika. Tumeongeza swali: unahitaji maji ili kumeza chakula kikavu? Ugali wa asubuhi uliolala ndio kipimo chetu.

24 Juni

Jambo la hatari limejitokeza, na limeingia kwenye kadi leoleo. Alikuja mgonjwa na vidonda vyeupe vyenye ukingo mwekundu mdomo mzima, hawezi kula. Fizi zake hazikuwa tatizo. Nilimwuliza anatumia dawa gani ya viungo, akatoa methotreksati kwenye pochi. Dawa hii ndiyo nguzo ya tiba ya baridi yabisi na humezwa mara moja kwa wiki. Yeye alikuwa anameza kila siku, akiamini ataharakisha nafuu. Ikimezwa kila siku inaweza kuua, na vidonda vya mdomoni ni moja ya dalili za mwanzo. Amepelekwa hospitali ya Kitete siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kila chumba cha meno kitakachopokea kadi yetu kitaona mstari huu juu kabisa: vidonda mdomoni kwa mgonjwa wa viungo, uliza methotreksati, uliza siku gani ya wiki anaimeza, na kama amepewa foliki asidi pamoja nayo. Akisema kila siku, rufaa bila kusubiri.

8 Julai

Kadi imekamilika. Upande wa meno una maswali ya asubuhi: vidole vinachukua muda gani kukunjika, ni mikono yote miwili, hali hii imezidi wiki sita, kuna ndugu wa damu mwenye vidole vilivyopinda. Upande wa viungo una meno kucheza, kuvuta sigara, mdomo mkavu, dawa anazotumia, na mara ya mwisho kukwanguliwa ugaga. Kipimo cha anti-CCP hakifanyiki kituoni kwetu, kwa hiyo anayejibu ndiyo kwa maswali ya asubuhi anaandikiwa rufaa akiwa bado ana vidole vilivyonyooka. Hapo ndipo dawa zinapookoa zaidi, kabla mfupa haujaliwa.

Mwezi ujao tunaipeleka kwenye zahanati za vijijini. Huko hakuna fiziotherapia wala kiti cha meno, kwa hiyo mwenzangu amewafundisha wahudumu kipimo kimoja cha mikono mitupu: shika mkono wa mgonjwa kwa upana, vidole vyako upande mmoja wa vifundo na gumba upande wa pili, bana kwa nguvu ya kupeana mkono wa kawaida, mtazame usoni. Akikunja uso, fanya na mkono wa pili. Ikiuma yote miwili, mwambie afungue kinywa.